Jina la Mama Mkwe Katika Daftari la Kang'ata

Mmeniomba niandike, na karani aliyestaafu hana kazi nyingine isipokuwa kusubiri aombwe aandike. Siku ya kuniaga mlinipa redio, mkampa mke wangu kanga, na mmoja wenu akanifuata mpaka mlangoni akauliza: katika chaguzi zote za madiwani nilizofanyia kazi, ni upi ulionishinda? Nilimjibu kwamba hakuna. Nilidanganya, maana gari lilikuwa linangoja. Upo mmoja, wa Kang'ata, ulionishinda asubuhi nami nikaushinda kabla ya jua kutua, na sijapata kuona fahari ya kazi kama niliyoiona siku ile. Nitausimulia, ila niacheni nianzie mwanzo. Karani hafungui daftari katikati.

Nilianza kazi Korogwe, bendera ya Uhuru ikiwa bado haijapauka. Enzi za machifu na majumbe zilikuwa zinafungashwa, na halmashauri ya wilaya ilikuwa kitu kipya ambacho wengi walidhani ni jina jingine la boma. Nilikuwa na kaptula mbili, kalamu ya wino iliyovuja, na cheti cha darasa la nane. Walinipeleka kwa karani mkuu, Bwana Shekiondo, Msambaa wa milimani juu ya Mombo, mtu mfupi aliyevaa koti hata jua lilipokuwa linaunguza. Mimi ni Mzigua, kwa hiyo alianza kunifundisha kwa kunitania. Alisema Wazigua huhesabu mpaka kumi, wakizidi hapo husema "wengi". Kisha akanipa bunda la kadi nilihesabu, akalihesabu tena mwenyewe nilipomaliza. Tulifanya hivyo kwa wiki tatu.

Alinionyesha vyombo vya kazi kimoja kimoja. Sanduku la bati lenye tundu juu na kufuli mbili. Lakiri nyekundu na mshumaa wa kuiyeyushia. Chupa ya wino wa kidole, usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Penseli zilizofungwa kwa kamba mezani ili zisimfuate mpiga kura nyumbani. Lakini chombo alichokiheshimu kuliko vyote kilikuwa daftari la wapiga kura. Sanduku likivunjika tutaomba jingine, alikuwa akisema. Mtu akikosekana daftarini siku ya kura, hakuna stoo utakayokwenda kumwomba. Kanuni yake ilikuwa moja tu: uliza mara mbili, andika mara moja. Niliiandika kwenye jalada la kila daftari nililopewa, kwa herufi kubwa. Kama mtakavyoona, kuiandika si sawa na kuishika.

Uchaguzi wangu wa kwanza ulikuwa Kerenge. Wagombea walikuwa wawili, mmoja amepewa picha ya jembe na mwenzake picha ya nyumba, kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Tulitangaza wiki nzima kwamba mtu aweke alama ya mkasi kwenye picha ya anayemtaka. Saa tano asubuhi mzee mmoja alitoka chumbani amefurahi, akaniambia kwamba yule bwana wa nyumba amemkomesha, amempiga mkasi mkubwa. Wajukuu zake walikuwa shuleni, na kila jioni aliona madaftari yao: mkasi wa mwalimu maana yake umekosa. Kwa hiyo alimpiga mkasi yule asiyemtaka. Tulisimamisha foleni, Bwana Shekiondo akapanda juu ya benchi na koti lake, akaeleza upya mpaka sauti ikamkauka. Waliokwisha piga walikuwa wachache, nasi tulishukuru kwa hilo.

Mombo ilikuwa na shida zake. Kituo chetu kilikuwa karibu na mabasi yanaposimama, na abiria wakiona foleni hawana subira. Walishuka wakapanga mstari, na mama mmoja akaniuliza kama ni sukari au vitenge. Nilipomwambia ni diwani, akauliza anagawiwa kila mtu au kwa kaya. Nilimwonyesha basi lake.

Baada ya miaka michache ya mambo kama hayo nilijiona nimeiva. Nikahamishiwa Handeni, nikapewa baiskeli, nikaoa Kang'ata. Hapo ndipo hadithi yangu inapoanza kuwa na miba.

Katika ukoo wa mke wangu, Asha, mwanamume hamtaji mama mkwe wake kwa jina. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake akiwa amekaa, na wakikutana njiani mmoja huingia porini mpaka mwenzake apite. Akilitamka jina lake, hata kwa bahati mbaya, hupeleka kuku mweupe na kuomba radhi mbele ya wazee. Mimi ada hiyo niliishika kuliko wenyeji, maana mkwe mgeni hutazamwa sana. Tulipopata binti, Asha alimpa jina la mama yake, na mimi nikawa baba asiyeweza kumwita mwanawe. Nilimwita "Mama". Alifika miaka minne hajalisikia jina lake likitoka kinywani mwangu, na hakuna aliyeona ajabu. Nanyi msiniulize ni jina gani. Nitaliandika mahali pake tutakapofika.

Wakati huo Azimio lilikuwa limekwisha tangazwa, vijiji vya ujamaa vinaanza, na Kang'ata walitakiwa kuchagua diwani. Mgombea wa nyumba alikuwa Bwana Mbelwa, jumbe wa zamani. Hakuwa mtu mbaya, ila kisima kilichokuwa karibu kilikuwa uani kwake, na kwa hiyo hakuona kwamba maji ni tatizo. Mgombea wa jembe alikuwa Bi Zaina, mjane, mwanamke wa kwanza kugombea upande ule. Yeye alisema neno moja katika kila mkutano: lambo. Nanyi mnaijua Handeni wakati wa kiangazi. Akina mama walitoka na madebe alfajiri, wakarudi jua likiwa utosini, na maji yenyewe yalikuwa ya kuchuja kwa kitambaa. Kila mtu alijua kwamba wanaume wengi watampa Mbelwa na wanawake watampa Zaina. Lambo lilikuwa mikononi mwa wanawake, na wanawake walikuwa mikononi mwa daftari langu.

Siku ya kuandikisha niliweka meza yangu kwenye kibaraza cha shule. Akina mama walipofika walimtanguliza mama mkwe wangu kwa heshima, kwa kuwa mkwewe ndiye aliyekuwa serikali siku hiyo. Alisimama kando, amenipa bega, kanga imemfunika nusu ya uso. Nilitakiwa kumuuliza jina, kuliandika, na kulisoma kwa sauti ili ahakikishe. Ulimi ulinigomea. Nilitazama karatasi, nikaandika "Mama Asha", nikasema anayefuata.

Anayefuata alikuwa jirani yake, rika lake. Sasa, kijijini mwanamke wa rika la mkwe wako naye ni mkwe, na niliona aibu kumuuliza huyu nilichoogopa kumuuliza yule. Nikaandika "Mama Hamisi". Wa tatu alikuwa "Mama Asha" tena, kwa kuwa Asha ni wengi. Nikaendelea hivyo mpaka mchana, wanawake arobaini na kitu, wote kwa majina ya watoto wao, na kila mmoja alinipita akiniombea dua kwa adabu yangu. Nilipanda baiskeli kurudi Handeni nikipiga mluzi. Sikuuliza hata mara moja, achilia mbali mara mbili.

Siku ya kura msimamizi wa kituo alikuwa Bwana Komba, kijana aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge Korogwe, wazazi wake wakiwa wametoka Songea kuja kukata mkonge. Alikuwa mtu wa sheria na saa. Utaratibu ulikuwa karani asome jina kwa sauti, mawakala wa wagombea watazame, mpiga kura aitike na kusogea. Wanaume walianza, mambo yakaenda. Kisha nikasoma, "Mama Asha."

Wanawake wanne wakaitika abee kwa pamoja.

Watu walicheka, na mimi nilijaribu kucheka. Wakala wa Bwana Mbelwa hakucheka. Alivuta daftari, akapitisha kidole ukurasa mzima, akamwambia msimamizi kwamba haya si majina ya watu. Mama mwenye watoto watano anaweza kupiga kura mara tano humu, alisema, na hakuna atakayemkamata. Alikuwa na haki kabisa. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Bwana Komba alinitazama, akaniuliza kwa upole ni nani aliyeandikisha, ingawa sahihi yangu ilikuwa chini ya kila ukurasa. Halafu akaamuru akina mama wakae pembeni.

Walikaa chini uwanjani, wengine na watoto mgongoni. Siku hiyo hawakwenda kuchota maji. Bi Zaina alikuwa upande wa pili, mbali na meza kama sheria ilivyotaka. Alinitazama tu, na yale macho ninayakumbuka hadi leo. Wanaume waliendelea kupita, picha ya nyumba na picha ya jembe, lakini zaidi nyumba, na mimi niliendelea kusoma majina yao mazuri, kamili, yenye baba na babu. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nilitaka kuheshimu mtu mmoja, nikawafuta arobaini.

Saa nne Landrova ya halmashauri ilifika, na ndani yake alikuwa Bwana Shekiondo, aliyeletwa kutoka Korogwe kukagua vituo. Koti lilikuwa lile lile. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote, hata la mama mkwe. Nilidhani atanitania. Hakunitania. Alichukua daftari, akasoma kurasa tatu, akasoma na jalada nilipoandika kanuni yake kwa herufi kubwa.

"Daftari halina mkwe, kijana," alisema.

Kisha akavua koti. Sikuwa nimepata kumwona bila koti. Alilitandaza juu ya benchi, akakaa, akatoa kijitabu cha kanuni mfukoni, akamwonyesha Bwana Komba kifungu: jina lililokosewa kuandikwa linaweza kusahihishwa kituoni, mpiga kura akilitaja mwenyewe mbele ya mawakala, mjumbe wa nyumba kumi akimthibitisha, na karani akiliandika na kulisoma kwa sauti. Walibishana kwa nusu saa. Wakala wa Mbelwa aliuliza mjumbe atathibitisha vipi, kwa kuwa mjumbe naye ni mkwe wa nusu ya wanawake wale na hawezi kutaja majina yao. Bwana Shekiondo akajibu kwamba kanuni inasema kuthibitisha, haisemi kutaja. Mjumbe ana kichwa, atatikisa. Hata wakala alikubali.

Likabaki langu. Bwana Komba, ambaye hakuwa na ubaya, alisema kwa kuwa karani ana udhuru, yeye mwenyewe atasoma jina la mama wa kwanza, kisha mimi niendelee na wengine. Nilishusha pumzi. Lakini mama mkwe wangu alikuwa amekwisha inuka. Alikuja mpaka hatua mbili kutoka mezani, amenipa bega kama siku zote, akasema na Bwana Shekiondo kana kwamba mimi sipo.

"Mwambie karani wako, aliyelipoteza jina langu ndiye alirudishe. Silitaki kwa mgeni."

Bwana Shekiondo alinisogezea kalamu. Mama mkwe akataja jina lake, polepole, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mjumbe akatikisa kichwa. Nikamuuliza tena, mara ya pili, na akalitaja tena. Nikakata "Mama Asha" kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika juu yake, nikasimama, maana jambo lile sikuweza kulifanya nimekaa. Wazee wa ukoo walikuwa pale, mke wangu alikuwa pale.

"Mwanamvua binti Mhina," nilisoma.

"Abee," aliitika.

Alikuwa hajapata kuniitika mimi kwa neno lolote. Alinyoosha kidole kikatiwa wino, akachukua karatasi, akaingia nyuma ya kanga mbili tulizofunga kwenye fito, akatoka, akatumbukiza kura yake, akaenda zake bila kugeuka. Ndipo akina mama wakapiga vigelegele, na Bwana Komba hakuwakataza ingawa kanuni zilimruhusu.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kama maji ya mtaroni. Walikuja mmoja mmoja wakataja majina ambayo wengine walikuwa hawajayasikia tangu unyagoni: Sikudhani, Tausi, Mwajuma, Zaituni, Mwanaidi. Majirani wa miaka thelathini waligeuka kutazamana, ati kumbe wewe ndiye Sikudhani. Mama mmoja mzee sana alisita, akafikiri, akalipata. Nilipomsomea, aliomba nimsomee tena. Kanuni hazisemi mara mbili, lakini nilimsomea. Mjumbe alitikisa kichwa mpaka shingo ikamuuma. Tulimaliza mpiga kura wa mwisho dakika chache kabla ya muda kwisha, na nilipoyeyusha lakiri kufunga sanduku niliunguza kidole wala sikujali.

Kura zilihesabiwa Handeni kesho yake asubuhi. Bi Zaina alishinda. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo kuliko idadi ya akina mama niliowapoteza na kuwarudisha, na hilo nawaachia mlifikirie ninyi mnaoandikisha watu leo. Niliendesha baiskeli kupeleka habari Kang'ata mwenyewe, kwenye mchanga, bila kushuka hata kwenye mlima, na wanawake walinipokea kwa nyimbo toka kijiji cha kwanza. Bwana Mbelwa alimpa Bi Zaina mkono mbele ya watu. Lambo lilichimbwa mwaka uliofuata kwa kujitolea, majembe na karai, na Mbelwa naye alichimba. Mvua za vuli zilipoliingia, mke wangu aliniletea chupa ya maji yake ofisini. Nilikunywa yote, matope na vyote.

Yaliyofuata mnayajua. Halmashauri za wilaya zilikuja kufutwa, na sanduku letu la bati likawekwa mbegu za mahindi stoo. Zikarudishwa baada ya miaka mingi, tukamwaga mbegu, tukasugua kutu. Nilizunguka tena Handeni na Korogwe, vituo vingi, madiwani wengi, wazuri na wa kuvumilia. Bwana Shekiondo alifariki kabla ya hapo, na alizikwa bila koti lake, maana alikwisha nirithisha. Limenibana mabegani, lakini nililivaa kila siku ya kura. Na katika madaftari yangu yote hamtamkuta Mama Fulani hata mmoja.

Lakini kuku sijamweleza, na karani haachi safu wazi.

Siku tatu baada ya matokeo nilitafuta kuku mweupe. Kang'ata nzima ilijua ninamtafuta kwa nini, na kila nilikobisha hodi waliniambia wao wana wa madoadoa tu, wakacheka. Nilimpata mwishowe kwa Bi Zaina, aliyekataa malipo. Nikaenda na mjomba wangu, tukaketi uani kwa wakwe, wazee wakaja. Mama mkwe alikaa ndani, nyuma ya mlango, kama ada ilivyotaka. Mjomba akaeleza kosa, akatoa kuku, akaniombea radhi.

"Kuku nimempokea," alisema kutoka ndani. "Kosa silioni. Jina nililokupa kwa mkono wangu hukuliiba."

Wazee wakaguna kukubali. Mjomba akaanza kuinuka. Sauti ikatoka tena mlangoni, na mara hii haikupitia kwa mtu.

"Na mjukuu wangu umwite jina lake, mkwe. Mtoto ana miaka minne anaitwa kama hana."

Nilirudi nyumbani alasiri ile nikitembea kwa miguu, baiskeli naisukuma. Binti yangu alikuwa uani, amekaa chini, analifunga gunzi la muhindi kitambaa na kulibembeleza. Niliegemeza baiskeli ukutani, nikakohoa. Nikamwita kwa jina lake. Hakuinua kichwa. Nikamwita mara ya pili, kwa sauti kubwa kidogo, na akaendelea kulibembeleza gunzi lake. Mara ya tatu aligeuka, akachungulia nyuma yangu, mpaka barabarani.

"Bibi amekuja?" aliuliza.

Nikamwambia hapana, bibi yuko kwake, nakuita wewe. Aliliweka gunzi chini, akanitazama sana, akafikiri.

"Abee," akasema.